Mkienda kuhesabiwa, msimwache mgeni wa usharika mjini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua kabla Desemba haijafika katikati, kwa sababu neno nililo nalo likichelewa wiki mbili halitamfaa mtu mwaka huu. Linawahusu vijana wa kigeni wanaotumika katika sharika, shule na vituo vya kanisa huku kwetu, Moshi, Arusha na hata Dar es Salaam, na nyumba watakayokuwamo wakati wa Krismasi, jioni ya tarehe 24 na mchana wa tarehe 25.

Mimi ni mwalimu wa Shule ya Jumapili, Machame. Mwaka 2022 nilitumwa Ujerumani kwa mwaka mmoja, kutumika katika usharika wa mji mdogo karibu na Leipzig. Siku ya kuniaga wazee wa kanisa waliniwekea mikono, akina mama wakanivisha vitenge viwili, na mchungaji akaniita mmisionari wetu. Neno hilo lilinitetemesha. Kwetu mmisionari ni yule wa picha za zamani, mwenye ndevu na kofia pana, maana Misheni ya Leipzig, shirika la Walutheri wa Ujerumani, ilifika Machame mwaka 1893, ikaendelea Mamba na kwingineko mlimani. Sasa msichana wa miaka 24, aliyekulia kwenye migomba hiyohiyo, alikuwa anaelekea huko walikotoka wao.

Asubuhi nilisaidia katika chekechea ya kanisa. Mchana nilikwenda nyumba ya wazee, nikiwasomea Biblia kwa Kijerumani changu cha kubabaisha na kuwaimbia kwa Kiswahili. Mara mojamoja nilipelekwa shuleni kueleza habari za Tanzania. Upande ule wa Ujerumani ulikaa miaka 40 chini ya serikali ya kikomunisti na kanisa lilipungukiwa watu mno, kiasi kwamba darasa zima laweza kuwa na watoto wawili au watatu tu waliobatizwa. Mtoto mmoja wa darasa la tatu aliniuliza Krismasi ni siku ya kuzaliwa ya nani. Hakuwa anatania, alitaka kujua. Nilimjibu, akaenda kukaa, na nikaelewa kwa nini nimetumwa.

Nataka niwatendee haki watu wale: wanajua kuisubiri Krismasi kuliko sisi. Majilio yote, yaani majuma manne kabla ya Krismasi, ni ya kusubiri. Kila nyumba ina shada la majani mabichi lenye mishumaa minne, na kila Jumapili unawashwa mmoja zaidi. Madirishani wanatundika nyota ya karatasi yenye pembe nyingi kutoka Herrnhut, mji ambao Wamoravian wa Mbeya na Tabora wanaujua vizuri kuliko sisi Walutheri, maana kanisa lao lilitoka huko. Wengine huweka upinde wa mbao wenye mishumaa saba. Waliniambia umetoka milima ya Erzgebirge, kwa wachimba madini ambao majira ya baridi waliingia shimoni gizani na kutoka gizani, wakawa na hamu kubwa ya mwanga. Niliwaelewa wachimbaji hao. Desemba kule jua linachomoza saa mbili asubuhi na saa kumi jioni limekwisha kuzama. Ukishaishi katika giza hilo wiki tatu, unajua taa ya dirishani ni ya mwenye nyumba na ya mpita njia pia.

Mchana wa tarehe 24 watoto waliigiza habari ya Luka sura ya 2. Mwanzoni niliombwa niwe mmoja wa mamajusi, yule ambaye katika picha zao huchorwa mweusi. Nilikataa kwa upole. Nikaomba sehemu ya mke wa mwenye nyumba ya wageni, kwa kuwa maneno yake yalikuwa machache na niliweza kuyakariri. Basi nikasimama mlangoni na kanga yangu, mbele ya kanisa lililojaa watu wanaokuja mara moja tu kwa mwaka, nikawaambia Yusufu wa miaka 10 na Mariamu wa miaka 9 kwamba hakuna nafasi. Tulipotoka, matarumbeta yalikuwa yanapigwa juu ya mnara, na wimbo ulikuwa uleule ambao matarumbeta ya usharika wetu hupiga asubuhi ya Krismasi, tuliyoyarithi kwa Wajerumani hao hao. Nilisimama kwenye theluji mpaka wakamaliza.

Jioni ile familia ya mchungaji ilinichukua. Kwao usiku wa 24 ndio sikukuu yenyewe. Mlo niliushangaa kwa udogo wake: viazi vya kuchemsha vilivyochanganywa na vitunguu na mayonezi, na soseji. Ndiyo desturi, nyama kubwa ni ya kesho yake. Tuliimba, tukafungua zawadi, nikarudi chumbani kwangu na furaha.

Kesho yake, tarehe 25, sikuwa na mtu.

Hakuna aliyenitendea ubaya. Mchungaji alikuwa na ibada katika makanisa matatu, kisha familia ikaondoka kwenda kwa babu na bibi. Mwenzangu kutoka India alialikwa mji mwingine. Kila mshirika aliamini nimealikwa na mwingine, na kule mtu hagongi mlango wa mtu siku ya sikukuu bila miadi, wanaona ni kumsumbua. Saa nne asubuhi nyumbani walinipigia simu ya video, huku Machame ikiwa saa sita na watu wametoka ibadani. Nikawaona wote kwenye kihamba, shamba letu la ukoo: kaka zangu waliotoka Dar, wajomba, mbuzi ameshachunwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata, watoto wanapigania kuonekana kwenye simu. Mama akauliza, "Umekula nini?" Nikamwambia nimealikwa, nasubiri kufuatwa. Nilimdanganya mama yangu siku ya Krismasi.

Kisha simu zikaanza kuingia moja moja. Binamu alitaka karo ya Januari, rafiki alitaka simu, jirani alitaka nimtafutie mfadhili. Nilikuwa na posho ya kujikimu tu, na moyo wangu siku ile haukuwa na posho hata hiyo. Nawaomba wenye vijana walioko mbali na huduma: wapigieni Krismasi bila kuomba kitu. Ombi lenu lisubiri hata tarehe 27.

Nilitoka kutembea. Maduka yote yalikuwa yamefungwa, basi halikupita, mtu aliyekuwa barabarani ni mmoja tu na mbwa wake. Nikarudi, nikala mkate na jibini, nikawasha taa ya dirishani kwa sababu giza lilianza.

Kengele ya mlango ililia kama saa kumi na nusu. Alikuwa bibi wa miaka 81 tuliyekuwa tunaimba naye kwaya. Alikuwa anapita, akaona mwanga dirishani kwangu akajua nipo. Hakuingia hata ndani, alisema tu, "Vaa koti, twende." Kwake tulikula ule mkate wao mtamu wa zabibu kavu wanaouita Stollen, uliofunikwa kwa sukari nyeupe mpaka hauonekani, wenyewe husema ni Mtoto aliyevikwa nguo za kitoto. Akanisimulia kwamba mwaka 1955, akiwa na miaka 14, serikali yao ilianzisha sherehe yake ya vijana ili ichukue mahali pa kipaimara. Yeye na dada yake wakachagua kipaimara. Walimu walimwambia wazi kwamba shule ya juu asahau, na kweli hakuisoma, akawa muuguzi katika hospitali ya kanisa maisha yake yote. Alisimulia bila uchungu, huku anakata mkate. Halafu akachukua bahasha kuukuu, akaniuliza majina ya ndugu zangu wote sita, akayaandika nyuma yake herufi kwa herufi ili awaombee. Niliondoka saa tatu usiku.

Usiku huo sikulala vizuri, kwa sababu nilimkumbuka msichana mmoja wa Moshi.

Ilikuwa Desemba 24 ya mwaka 2019. Nilikuwa nasoma Moshi mjini na kuimba katika kwaya ya vijana. Msichana Mjerumani, hajafika miaka 20, alikuwa anajitolea katika chekechea iliyo jirani na kanisa letu. Alifika Septemba na Kiswahili chake kilikuwa tayari kinaeleweka. Saa nane mchana nilipita getini kwao na begi mgongoni, naiwahi Hiace ya Machame. Shule ilikuwa imefungwa, walimu wameshaondoka, yeye amekaa kwenye ngazi karibu na kibanda cha mlinzi. Nikamwambia, "Krismasi njema, dada!" Akaitikia vizuri, kisha akaniuliza, "Unakwenda wapi?" Nikamjibu, "Nyumbani." Nikakimbilia gari.

Mtu wa kwetu akikuta watu wanakula anaambiwa karibu kabla hajasalimia. Mimi niliulizwa unakwenda wapi na mtoto wa watu aliyekaa peke yake, saa chache kabla ya jioni ambayo kwao ndiyo Krismasi yenyewe, nami nikajibu kana kwamba nimeulizwa njia. Hiace ile ilikuwa imejaa, lakini sisi sote tunajua Hiace haijawahi kujaa kiasi cha kukosa nafasi ya mmoja. Nyumbani tulikuwa watu zaidi ya thelathini na chakula kilibaki.

Kila Desemba Watanzania hututania sisi Wachagga kwamba tunakwenda kuhesabiwa, kama Yusufu alivyopanda kwenda Bethlehemu. Utani huo naupenda, una heshima ndani yake. Mabasi kutoka Dar yanajaa, barabara ya Segera haina nafasi, mji wa Moshi nao unapanda mlimani. Wanaobaki mjini ni walinzi na hawa vijana. Wengine huenda Zanzibar na wenzao, na ni haki yao. Nawasemea wale ambao hawana nauli ya Zanzibar wala mwenzao karibu, ambao usharika unadhani waliowaleta wamewapangia, na waliowaleta wanadhani usharika umewapangia. Mwezi wa nne wa kukaa ugenini ni mgumu. Ugeni wenyewe umekwisha kuchuja utamu wake na mazoea hayajaja bado.

Tangu nirudi nimewaza sana juu ya wamisionari wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock. Tunafundisha watoto kwamba waliuawa Meru mwezi Oktoba 1896, walipokwenda kufungua kituo Akeri. Walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, rika langu. Tunajua walivyokufa. Sijasikia mtu akiuliza waliishije kabla ya hapo, nani aliwapa ndizi, nani aliwacheka walipokosea Kichagga, nani aliwaita waote moto.

Krismasi mbili zilizopita nimewachukua wageni nyumbani, wawili mwaka wa kwanza na mmoja mwaka uliofuata. Mama alihangaika wiki nzima: watalala wapi, choo cha nje watakiweza, mzungu atakula nini. Mmoja alikuwa hali nyama kabisa, na Krismasi ya Mchagga mnajua ni nyama. Mama akampikia kiburu, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, akala sahani tatu na kuomba afundishwe kiasi cha magadi. Walimenya ndizi na shangazi zangu mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Hawakuhitaji kitanda cha peke yao wala maji ya chupa ya dukani kila saa. Kitu kimoja tu nilikijua kwa kuwa nilikaa kwao: jioni ya 24 isipite kimyakimya. Tuliwasha mishumaa baada ya chakula, wakaimba wimbo mmoja kwa Kijerumani, bibi akaitikia kwa Kichagga, kisha wakapewa nafasi ya kuwapigia mama zao bila sisi kuwasikiliza.

Ninachoomba ni kidogo. Jumapili hii katibu wa kila usharika wenye kijana mgeni asimame kwenye matangazo na kuuliza kijana huyo ataondoka na nani tarehe 24. Swali hilo lisiulizwe barazani, ibada ikiisha, ambako kila mtu atadhani mwenzake amejibu. Na nyumba itakayomchukua isimngoje mlangoni na orodha ya karo na wafadhili. Tena msiangalie waliotoka Ulaya tu. Mwinjilisti kijana aliyehamishiwa kwenu kutoka Mbulu au Kigoma, ambaye likizo yake haitoshi kwenda na kurudi, naye amekaa kwenye chumba cha mtumishi akisikia ngoma za watu.

Gari la kaka yangu litatoka stendi ya Moshi tarehe 24 saa sita mchana na lina nafasi mbili. Aliye na mgeni asiye na pa kwenda amlete hapo na begi lake. Aje na sweta, usiku huku juu kuna baridi. Maharage ya kiburu mama ameshayachambua.

Ni mimi,
Mwalimu wa Shule ya Jumapili,
Machame, Kilimanjaro