Kisu kikubwa cha kukunja sio cha wahuni, ila angalieni loki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mzee wetu wa Sakina aliyeandika humu kwamba kijana akionekana na kisu kikubwa cha kukunja mfukoni basi ujue ni mhuni au yuko njiani kuwa mhuni. Mzee wangu shikamoo. Hasira yako naielewa kabisa, maana hapo Arusha kuna vijana wananunua vile vyeusi vyenye meno mgongoni na picha ya fuvu kwa ajili ya kuwaonyesha wenzao stendi basi, hakuna hata chungwa wanalomenya. Lakini huku Moshi tupo wengi tunaotembea nacho kwa sababu ya kazi na ukituweka sote kapu moja unatuonea.

Mi napanda Mlima Kilimanjaro na wageni, nikishuka nina ng'ombe na migomba Kibosho. Ukiniuliza kisu kinafanya nini kutwa nzima nitacheka, maana ni kukata kamba ya turubai, kufungua maboksi ya chakula, kukata mkate mzima wa wagumu, yaani wapagazi wetu, asubuhi, nanasi, tikiti, parachichi, nyama ikitoka jikoni, halafu nikiwa nyumbani ni majani ya mgomba, kamba za ng'ombe, mpira wa maji uliopasuka unataka kukatwa uungwe upya. Sasa nanasi ulikate na kakisu ka sentimita sita, mkono mzima unazama kwenye utamu na mpini unateleza, na kisu kinachoteleza mkononi ndio hicho kinachokata watu. Kwa hiyo ukubwa una sababu zake. Kwa mimi kikubwa ni kile ambacho ubapa wake unafika sentimita kumi hivi, na mpini unaingia vidole vyote vinne bila kidole cha mwisho kuning'inia hewani. Ukizidi hapo sana unabeba mzigo tu, suruali inashuka upande mmoja, na kwa kazi ya hivyo bora panga.

Ila mzee kuna kitu hukukigusa na ndicho kilichonifanya niandike. Tatizo la visu vinavyouzwa barabarani sio urefu, ni loki. Kisu cha kukunja ni kisu kilichovunjika katikati kwa makusudi, kwa hiyo kitu pekee kinachozuia ubapa usirudi kwenye vidole vyako ni kile kichuma kinachoushikilia ukiwa wazi. Kikubwa kikijifunga hakichuni ngozi, kinafika kwenye mfupa. Na watu wakienda kununua wanaangalia rangi, wanaangalia maandishi, wanakichezesha pa pa pa kama kwenye sinema, loki hawaiangalii hata kidogo.

Loki zipo za aina nyingi na inafaa mtu azijue kabla hajatoa hela. Kuna visu visivyo na loki kabisa, vina springi tu ya mgongoni inayokaza, kama vile vidogo vyekundu vya Victorinox wanavyokuja navyo wageni, vile ambavyo vikiwa vimefungwa vina milimita 91. Ni visu vizuri sana, kampuni ya tangu 1884 sio ya kubabaisha, ila ukisukuma mgongo wa ubapa kinajifunga na kilitengenezwa hivyo. Wana vingine vikubwa vya milimita 111 ambavyo vina loki. Halafu kuna zile za kichuma chembamba ndani ya mpini, ukifungua kinaruka pembeni kinakaa nyuma ya ubapa, ndio nyingi sana sokoni siku hizi kwa sababu ni rahisi kutengeneza, na ndizo nyingi zilizo mbovu vilevile. Chungulia ndani ya mpini kisu kikiwa wazi uone kile kichuma kimekaa wapi. Kikiwa kimegusa ukingoni tu kwa kuponea chupuchupu rudisha, kinatakiwa kiingie vizuri nyuma ya ubapa na bado kibaki na nafasi ya kusogea kadiri kinavyolika na matumizi. Nyingine ni ya mgongoni, ile unayobonyeza nyuma ya mpini ndio kisu kikunjike, mi naipenda hii kwa sababu vidole vyako haviko kwenye njia ya ubapa wakati wa kufunga, shida yake ni uchafu, kale kashimo kakijaa vumbi la shambani loki haikai mpaka chini na we unadhani imekaa.

Kupima sio mpaka uwe fundi. Fungua, shika mpini kwa nje vidole visiwe kwenye mfuo ambao ubapa unalala ukikunjwa, gonga mgongo wa ubapa taratibu kwenye kipande cha mbao. Taratibu, sio kama unapasua kuni. Loki ikiachia hapo hata kama muuzaji amekupunguzia nusu bei mwachie mwenyewe. Kisha utingishe ubapa kulia kushoto na juu chini, wa kulia kushoto unaweza kukazwa na bisibisi kama kuna skrubu, wa juu chini ndio loki yenyewe haikai sawa na hapo hakuna dawa. Muuzaji akikukatalia kufungua kisu anasema nunua kwanza, hiyo nayo ni majibu tosha. Nimeshaona pale soko la Memorial hapa Moshi mtu anauziwa kisu kikiwa ndani ya plastiki imefungwa kwa moto, anaondoka anafurahi.

Sasa chuma. Karibu kila kisu cha barabarani kimeandikwa stainless, yaani hakishiki kutu, neno hilo peke yake halikwambii kitu, sufuria na kijiko navyo vimeandikwa hivyohivyo. Chuma cha pua kizuri kipo na kwa mtu anayekata nanasi na ndimu au anayekaa na unyevu ni bora achukue hicho. Chuma cha kawaida kinachoshika kutu kina raha yake, kinanoleka haraka hata kwenye jiwe la mtoni na kinakuwa kikali kweli, ila utomvu wa mgomba unakigeuza cheusi siku hiyohiyo. Weusi huo wa kijivu usikutishe, hauharibu, kibaya ni kile chekundu. Masika hii ya kwetu, Machi mpaka Mei, ukikilaza usiku bila kukikausha asubuhi unakuta vidoa. Kausha, paka mafuta mepesi ya cherehani kwenye bawaba, ubapa ambao unakatia chakula futa tu. Mafuta ya kupikia usiweke kwenye bawaba, yanaganda yanakuwa gundi.

Na unene wa ubapa watu wanaupenda bila sababu. Kile kinene cha milimita nne kinaonekana cha kiume lakini ukikata karoti inapasuka badala ya kukatika. Ubapa mwembamba ndio unakata. Ila mwembamba usikwangulie wala kubanjulia kifuniko cha rangi, ncha itakatika na utasema kisu kibovu.

Nitoe mfano wa viwili ambavyo nimevishika. Kimoja ni Opinel ya Wafaransa wa milimani kule Savoie, ilianza 1890, wanavitengeneza kwa namba, namba 8 ina ubapa wa sentimita 8.5, namba 10 ina sentimita 10 na namba 12 ina sentimita 12. Mpini ni mbao, ubapa mwembamba, mwepesi mno mfukoni, na loki yake ni pete ya chuma unaizungusha kwa kidole gumba, waliiongeza 1955. Pete ile haina ujanja wowote na ndio uzuri wake, unaiona kwa macho kwamba imefunga au haijafunga, ingawa usipoizungusha mwenyewe hakuna anayekuzungushia. Shida ni mvua. Ule msitu wa njia ya Machame siku ya kwanza ukinyesha mbao inavimba na kisu hakifunguki, wenyewe Savoie wanagonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu ubapa unatokeza kidogo unauvuta. Kuna mgeni aliniachia namba 10 ya chuma cha pua na kwa kazi ya jikoni kambini sijaona cha kukishinda.

Kingine ni Okapi, na hiki mzee wangu nina hakika unakijua, mpini wa mbao wenye vinyota na miezi ya bati na pete mgongoni, ukifungua kinalia tra tra tra. Babu alikuwa nacho. Wajerumani walianza kukitengeneza 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, na sisi wakati ule tulikuwa hukohuko kwenye makoloni yao, leo kinatengenezwa Afrika Kusini. Chuma cha kutu, bei ya chini, kinanoleka vizuri, na ubapa ni mrefu. Loki sio ya kujivunia, na kikishazeeka inalegea, ila kazi za shamba kimefanya miaka na miaka. Sasa angalia, kisu hichohicho Jamaica na Afrika Kusini kina sifa mbaya ya magenge ya mitaani. Kwa babu kilikuwa cha kuchunia mbuzi na kukatia vipando. Chuma ni kilekile, pete ni ileile.

Najua utasema mbona Ulaya wanakataza. Wageni wa Uingereza wameshanieleza, kule ukitembea nacho bila sababu kiwe cha kukunja, kisiwe na loki, na makali yasizidi inchi tatu. Ndio maana wengi wanakuja na vidogo. Lakini sheria yao hiyohiyo inamruhusu mwenye sababu ya msingi kama kazi, na kwetu Kanuni ya Adhabu inamgusa anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutisha watu. Kote wanauliza unakwenda nacho wapi na unakishika vipi. Kwa hiyo mi nikishuka mjini kinaingia chini ya begi, sio kuning'inia na klipu kwenye jinzi ndani ya daladala, konda ataniogopa bure. Mahakamani, benki, uwanja wa mpira, kinabaki nyumbani. Uwanja wa ndege wa KIA kama una safari kiweke kwenye mzigo wa chini ya ndege maana wa mkononi watakinyang'anya na hapo hata ukilia.

Vile vya kubonyeza kidude ubapa unaruka wenyewe, hapo mzee tunakubaliana, sivitaki. Springi na vumbi havipatani, baada ya muda ubapa unatoka nusu, na anayekiona kinaruka hawezi kujua kwamba unataka kumenya embe. Vya kusukuma kwa kidole gumba vinatosha kabisa kwa mtu ambaye mkono mwingine umeshika kamba ya ng'ombe.

Umeandika kuwa mjukuu wako ana kimoja cha namna hiyo cheusi na unataka kukitupa. Kabla hujakitupa muite akae nacho mezani mbele yako, akigonge mgongo kwenye ubao kama nilivyoeleza. Kikiachia kitupeni wote wawili, na akiwa anasomea ufundi au anasaidia shamba mnunulie cha pete ya kuzungusha kama Opinel au cha loki ya mgongoni ya kubonyeza, mweleze na kukinoa maana kisu butu kinahitaji nguvu na nguvu ndiyo inayopoteza mwelekeo. Kisipoachia, basi mlisugue lile fuvu kwa msasa, kitafaa jikoni.

Wenu msomaji,
Kibosho, Moshi