Kabla hujalipa ada ya kareti, unataka nini hasa?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni siku nyingi. Mi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani Tanga, wazazi wengi wanapita kibandani kwangu, huku naziba pancha huku tunapiga stori, na stori ikishatoka kwa Coastal Union na Simba na Yanga siku hizi inaingia kwenye "fundi, nataka nimpeleke mtoto kareti". Nikiuliza kareti ya nini, mtu ananiangalia tu kama nimemtukana. Kareti si kareti bana!

Nawaelewa kwa sababu na mimi nilifanya hivohivo. Kijana wangu alinyang'anywa simu akiwa kidato cha pili, walimpiga roba kwa nyuma uchochoroni, walikuwa wawili, mmoja kamkaba mwingine anamsachi mifuko. Kesho yake kwa hasira nikampeleka kareti, mwaka na nusu nalipa ada, nimenunua ile nguo nyeupe, mtihani wa mkanda wa njano hela, wa chungwa hela, wa kijani hela. Na mtoto kata (yale mapigo ya kupangwa unayapiga peke yako) anaipiga jamani, wageni wakija nyumbani anawaonyesha sebuleni. Siku moja nikamwambia hebu simama hapo, nikampitishia mkono shingoni kwa nyuma, roba ileile, wala sikukaza. Kabaki kanishika mkono tu macho yamemtoka, hajui aanzie wapi. Hii hamjafundishwa? Akasema baba, sisi tunapiga hewa.

Sisemi kareti mbaya, wana kareti msinijie juu kibandani. Kuna sehemu wanapigana kwelikweli na mtu anarudi kwao kavimba. Kosa langu mimi, sikukaa hata siku moja kuangalia wanafundisha nini, nilitaka mtoto ajue kujinasua nikampeleka mahali wanafundisha mikao na nidhamu. Na nidhamu kaipata, siwadhulumu, mtoto aliyekuwa haamki mpaka amwagiwe maji sasa saa 11 alfajiri yuko macho.

Sisi wa zamani tulipotezwa na mabanda ya video. Bruce Lee kafariki tangu 1973 lakini huku kwetu miaka ya 90 alikuwa mzima kabisa, kila mtu anaruka teke, kila mtu ana nanchaku ya vipande vya fimbo na cheni (na cheni nyingine ziliibwa kwa mafundi baiskeli, hilo nalo lisemwe). Vijana wa sasa wao ni ngumi, na sababu inajulikana, tangu Mwakinyo wetu wa hapahapa Tanga aende Birmingham 2018 akamalizana na Muingereza Sam Eggington raundi ya 2, kila mtaa una bondia. Ukitaka pumzi, miguu myepesi na kuzoea ngumi inakuja usoni bila kufumba macho, ngumi hazina mpinzani, ila mzazi ujue kinacholengwa pale ni kichwa cha mwanao. Taikwondo ni mateke, iko Olimpiki ya medali tangu Sydney 2000, judo nayo, ya kukamatana na kuangushana, iliingia Olimpiki ya Tokyo 1964, wakati kareti iliingia Tokyo ile iliyochezwa 2021 na Paris 2024 haikuwepo, kwa hiyo kama ndoto ni Olimpiki hayo yaangalie kwanza. Lakini kwenye mashindano ya taikwondo ngumi ya usoni hairuhusiwi, teke la kichwa ni pointi 3 na ngumi ya kifuani pointi 1, sasa mchezaji anazoea kuacha mikono chini, ukiwa na tabia hiyo mtaani utakula ngumi ya pua mapema sana.

Sasa nije kwangu. Nina miaka 49. Mteja mmoja aliniuliza na wewe fundi ungecheza nini, nikakaa nikajihesabia, maisha yangu yote nimepigana mara mbili na zote kabla sijaoa, ila kuanguka na baiskeli sina hesabu. Yani adui yangu si kibaka, adui yangu lami. Na kibandani nayaona, mtu breki zimekata, anaanguka kanyoosha mkono mbele, baiskeli inarudi kwangu usukani umepinda na mwenyewe kafungwa POP.

Kuna kijana alijifunzia judo Unguja, anafundisha jioni kwenye ua wa nyumba, magodoro ya zamani kayafunika turubai. Nikaenda. Shikamoo mzee, umeleta mtoto? Marahaba, nimejileta mwenyewe. Watoto wakacheka. Mwezi mzima sikumwangusha mtu, ni kuanguka tu, kidevu unakibana kifuani kisogo kisiguse, mgongo unauviringisha kama tairi, mkono unaupiga chini wote kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko, hutangulizi kiganja peke yake maana hapo ndo mfupa unapovunjika. Mwalimu akasema Kano aliyeanzisha judo 1882 Tokyo alikuwa na miaka 21 tu, alizichukua mbinu za jujutsu, mapigano ya zamani ya Kijapani, akaziweka pembeni zile za kuumiza kwenye mazoezi, ili mtu akamatane na mwenzake kwa nguvu zote kila siku na kesho wote warudi. Nikaona hapo ndo jibu la kijana wangu lilipokuwa, unachokifanyia mazoezi na mtu anayekukatalia ndo kinakuja chenyewe siku ya siku. Nikamhamisha. Siku hizi nikimkaba anashusha kidevu, anauvuta mkono chini, kabla sijakaza nishabebwa begani. (Wakiwa na kisu nimemwambia atoe simu, judo tutaongea nyumbani.)

Mimi masika haya nimeteleza kwenye mchanga na vitunguu kilo kumi kwenye keria. Vitunguu vimetapakaa barabara nzima, mi nimechubuka kiwiko basi, nikaanza kuokota.

Kwa hiyo mzazi kabla hujatoa hela nenda kakae uangalie kipindi kizima toka mwanzo mpaka mwisho, na mwalimu akikukatalia kuangalia rudi na hela yako. Juzi kaja mama na mtoto wake wa miaka tisa anaulizia kareti, nikamuuliza dada yangu unataka apate nini, kafikiri weee, mwisho akasema kwa kweli fundi nataka tu jioni aache simu yangu. Nikamwambia basi mpeleke yoyote iliyo karibu na kwenu.

Fundi baiskeli,
Ngamiani, Tanga