Baa hufungwa saa tano, kandege kanapaa usiku kucha

Mhariri,

Nimewasoma miaka mingi bila kuwaandikia, lakini ile ripoti yenu ya matangazo ya kamari imenishinda kunyamazia. Niliisoma yote nikingoja mtaje mchezo wenyewe, huu wa kandege wa kwenye simu: unaweka dau, namba zinapanda kandege kakipaa, na usipochukua chako kabla hakajatokomea, dau limeliwa. Wapi! Tangu bodi ya kamari ya Kenya isimamishe matangazo hayo kwa siku 30 mnamo Aprili 2025, hadi Sheria ya Kudhibiti Kamari ya mwaka huohuo, ninyi ni mabango, redio na ushuru tu.

Mpwa wangu anaendesha bodaboda ya mtu hapa Mtwapa. Juzi alikaa jikoni kwangu, simu mkononi. Kandege kakapaa, namba zikipanda nako, na pembeni orodha ya washindi ikiteremka bila kukoma, kila mmoja nusu ya jina. Mara kakatokomea. Hata hajameza mate, raundi nyingine ishafunguliwa, na kitufe cha dau kiko palepale chini ya kidole gumba. Kabla sijaepua chai, hela ya mafuta ilikuwa imekwenda, pamoja na hesabu ya mwenye pikipiki. Kuweka pesa ni namba ya siri tu; siku akishinda na kutaka kuitoa, anaambiwa ombi lake linashughulikiwa. Hiyo si bahati mbaya, kuna mtu alilipwa mshahara akae apange iwe hivyo! Uingereza sloti za mtandaoni, zile mashine za kamari za kuzungusha picha, haziruhusiwi kwenda kasi kuliko sekunde 2.5 kwa mzunguko, mchezo kujiendesha wenyewe ni marufuku, na tangu Januari 2025 michezo mingine ya kasino mtandaoni ni sekunde 5 kwa uchache. Sisi tunahesabu mabango.

Na hawa wa kutuma ujumbe! Sijabeti maishani mwangu, lakini alfajiri naamkiwa kwa jina langu la kitambulisho na kuahidiwa dau la bure. Namba yangu waliitoa wapi, kwenye daftari la askari wa geti?

Dawa tunayo tangu 2010. Sheria ya Mututho, ile ya kudhibiti vileo, iliwapa walevi saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, siku za kazi. Kandege nako kapewe saa hizohizo. Na kila kanapotokomea, kioo kiandike kwa herufi kubwa jumla ya alizopoteza mchezaji mwezi huo, tena si kwa shilingi, kwa pakiti za unga za kilo mbili. Kampuni ikisema hesabu hiyo ni ngumu, mimi nitaifanya bure.

Shangazi mtu,
Mtwapa