Mlango wa choo una inchi ngapi?

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Kila nikisikia redioni kuwa nyumba mpya za ghorofa zinajengwa hapa Unguja, za bei nafuu kwa wananchi, mimi huuliza swali moja tu: mlango wa choo una inchi ngapi?

Watu hucheka. Wao walidhani nitauliza bei au masharti ya mkopo. Lakini mimi ni fundi mwashi, nimejenga na kupiga plasta tangu ujana wangu mpaka siku nilipoanguka kutoka kwenye jukwaa nikaumia uti wa mgongo. Sasa natembelea kigari cha magurudumu. Nyumba naijua kwa pande zote mbili, ya anayeijenga na ya anayeshindwa kuingia.

Kigari changu kina upana wa inchi 26, ringi hadi ringi. Mlango wa choo chetu, ukitoa fremu, unabaki inchi 24. Kwa sababu ya inchi hizo mbili nashuka sakafuni pale mlangoni, najiburura kwa viganja juu ya saruji iliyorowa, mtu mzima mwenye wajukuu. Na ndani ni choo cha kuchuchumaa. Mwanangu amenitobolea kiti cha plastiki nikiweke juu yake. Ukiambiwa fulani mwenye ulemavu kapata nyumba, muulize kwanza anakwendaje haja.

Tunakaa Michenzani, ghorofa ya tatu. Majumba haya yalianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa mipango ya Mzee Karume. Yalimtoa marehemu baba yangu kwenye kibanda cha udongo Ng'ambo, akapata bomba na umeme ndani, kwa hiyo mimi siwezi kuyatia ila. Lakini ngazi yetu haina lifti. Nikitaka kushuka, wanangu au vijana wa maskani, baraza la hapo chini, hunibeba, mmoja kwapani, mmoja miguuni, kama gunia la karafuu, na mwengine nyuma na kigari. Vijana wale Mungu awajaalie kheri, hawajawahi kukataa. Ila nao wana riziki za kutafuta, na saa nne za asubuhi pale maskani humkuti hata mmoja. Basi hospitali, sala ya Ijumaa, maziko ya jirani, yote yanategemea nani yupo chini.

Nimeshauriwa mara nyingi nibadilishane na mtu wa chini. Anayesema hivyo hajui thamani ya fleti ya chini. Hiyo ndiyo ya kufungulia duka, saluni, cherehani, meza ya urojo jioni. Nani atauacha mlango wake wa biashara akapande ghorofa ya tatu kwa kunihurumia mimi? Na wala simlaumu. Mambo haya yanataka kanuni, tena iwepo kabla funguo hazijagaiwa.

Sheria tunazo. Zanzibar imekuwa na yake ya haki za watu wenye ulemavu tangu mwaka 2006. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 28 kinazitaja waziwazi programu za nyumba za umma. Kijana mmoja alinisomea kifungu hicho chote. Nikamwambia ahsante, sasa nitafutie saiti ya ujenzi ambayo fundi wake amewahi kuiona karatasi hiyo.

Kwenye saiti utaambiwa gharama. Mimi nasema kama fundi: mlango mpana unakula matofali machache. Fremu ya inchi 36 badala ya 28 inaongeza mbao kidogo tu, bawaba ni zilezile. Gharama ni kuja kuupanua baadaye, uvunje ukuta, ubadilishe linta, ile boriti ya juu ya mlango, urudie plasta na vigae. Mteremko wa kupandishia kigari nao una hesabu yake. Kila futi moja ya kupanda inataka futi 12 za kwenda mbele. Msingi ukiwa futi moja na nusu, mteremko ni futi 18. Wenzetu wanamwaga zege la futi sita mbele ya ofisi, wanalitia vigae vya kung'aa, wanachora na picha ya kigari. Niliwahi kupanda mmoja wa aina hiyo mvua za masika, walinzi wawili wakanidaka njiani. Bora wangeacha ngazi, tukajua moja.

Siusemei Mji Mkongwe. Kule ni urithi wa dunia na una wenyewe wanaoujua. Nasemea nyumba ambazo leo bado ni ramani.

Naomba wanaotoa vibali vya ujenzi wazipime ramani hizo kwa jicho hili. Baadhi ya fleti za chini ziandikiwe watu wenye ulemavu kabla ya mgao, na asipewe mwenye duka kwa mlango wa nyuma. Milango ya vyoo iwe mipana ghorofa zote, maana kiharusi na kisukari havichagui ghorofa, na anayepokea ufunguo leo akiwa mzima atazeekea humohumo. Majengo marefu yawe na lifti, na fungu la kuitengeneza likiharibika. Na kabla jengo halijakabidhiwa, aitwe mtu mmoja wa kigari kutoka Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, aingie chooni, afunge mlango, atoke. Akikwama, mkandarasi asilipwe fungu la mwisho.

Fundi mwashi,
Michenzani, Unguja