Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kipato cha Kaya Zetu na Mchango wa Mtaa

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina, na taarifa ya ulinzi mnayo kwenye karatasi mlizopewa mlangoni. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja lililotugawa tangu mwaka jana: nani hapa mtaani ana uwezo wa kutoa mchango wa ulinzi na taka, na nani hana.

Mnakumbuka tulivyoachana. Mwenzetu mmoja alisimama akasema wenye mageti walipe mara mbili, wapangaji walipe nusu. Makofi yakapigwa, yangu yakiwemo. Kamati ikatumwa ipite kila nyumba na dodoso la kipato, ndipo tupange viwango. Tumepita, na makofi yale naona niliyapiga mapema.

Swali lenyewe lilitushinda siku ya kwanza. Tuliuliza, "Kipato chenu kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Mama mmoja anayekaanga mihogo karibu na stendi alimtazama katibu wetu akamwuliza, "Mwezi upi, baba? Wa mvua au wa kiangazi?" Mwenye duka akadhani tumetumwa na watu wa kodi. Mwajiriwa akataja mshahara wake wote, makato ya mkopo hakuyagusa. Tukageuza maswali. Jana mlipika mara ngapi? Umeme wa mwisho mlinunua lini, wa shilingi ngapi? Ada ya mtoto imelipwa kwa mkupuo au kidogokidogo? Hapo watu wakafunguka.

Njia hiyo hatukuibuni sisi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu nayo hupima umaskini kwa matumizi ya kaya, haitegemei mshahara anaoutaja mtu. Katika utafiti wao wa 2017/18, mstari wa mahitaji ya msingi ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini yake. Dar es Salaam ilikuwa asilimia 8. Ndiyo maana ndugu zetu wa mikoani wakipiga simu huanza na neno "nitumie". Lakini gawanyeni 49,320 kwa siku 30: ni shilingi 1,644. Hata kwa bei za miaka ile, anayetoka huku Mbezi kwenda Kariakoo na kurudi anajua fedha hiyo inaishia wapi kabla hajanunua hata fungu la mchicha. Kuwa juu ya mstari ule si kuwa na nafasi.

Sasa mageti. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tumeingia. Nyumba kadhaa kati ya zile tulizozihesabu kuwa za matajiri ni za wastaafu. Mkupuo wa mafao uliishia kwenye bati, vigae na ukuta, na sasa wanaishi kwa pensheni ya mwezi, wajukuu wawili watatu wakiwa juu yake. Mmoja alituambia bila kuficha kwamba geti lile lilifungwa na mwanawe enzi ana kazi, na kazi imekwisha. Nyuma ya ukuta huohuo, kwenye vyumba vya kupangisha, yupo kijana mwenye bajaji anayeshika fedha taslimu nyingi kwa wiki kuliko mwenye nyumba wake. Tungempunguzia kijana na kumwongezea mzee.

Wapo waliosema basi tutumie LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kama kipimo. Nami nilishawishika, hadi mjumbe wa shina la pili aliponifungua macho. Bei nafuu ya umeme wa nyumbani ni kwa anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Mstaafu anayeishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne anaipata. Familia sita za wapangaji kwenye mita moja haziipati hata siku moja, kwa kuwa mita inawahesabu kama kaya moja kubwa. Halafu kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa mwezi tangu 2023, inakatwa humohumo, na anayekatwa ni yule aliyenunua umeme siku hiyo, awe mwenye jengo au mpangaji.

Tulichokiona, na hapa ndipo nilipobadili msimamo, ni kwamba kaya zetu hazitofautiani kwa kiasi tu. Zinatofautiana kwa siku ambayo fedha inaingia. Tangu stendi kuu ilipohamia Mbezi Luis mwaka 2021, sehemu kubwa ya fedha ya mtaa huu inaingia kwa siku: mama lishe, wapiga debe, wabeba mizigo, bodaboda. Kijana mwenye pikipiki ya mkataba anatoa hesabu ya tajiri, yaani mwenye pikipiki, kwanza, kisha mafuta, kinachobaki ndicho chakula. Ukimwendea tarehe 30 ukadai shilingi 6,000 kwa pamoja, hana. Ungempitia kila jioni ukachukua 200, asingehisi. Ndiyo maana wakopeshaji wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, wanawapata: wao huja kila siku au kila wiki, sisi tunakuja mwisho wa mwezi kama vile mtaa mzima umeajiriwa serikalini.

Kwa hiyo napendekeza kiwango kibaki kimoja, shilingi 6,000, ila kila kaya ichague kulipa 200 kwa siku, 1,500 kwa wiki au kwa mwezi. Mweka hazina hakubaliani nami na atawaeleza: makato ya simu yatakula zile mia mbili. Ana haki. Jibu langu ni daftari kwa mjumbe wa kila shina, kama kijumbe wa mchezo wa kupeana fedha kwa zamu anavyofanya, na wote tunajua mchezo haukwami.

Kaya zisizoweza kabisa zisamehewe, na majina yao yasisomwe popote. Orodha ya wadaiwa iliyowekwa kwenye kundi la WhatsApp mwezi Machi niliiruhusu mimi. Mama mmoja aliacha kwenda hata kisimani kwa sababu yake. Naomba radhi.

Kuhusu mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya wanawake, vijana na wenye ulemavu iliyosimamishwa 2023 na kurudi 2024: vikundi vyetu viwili vilijaribu, vikakwama kwa uzembe wetu wenyewe. Katiba haikuwa na sahihi za wanachama wote. Katibu ana nakala mpya, sainini leo kabla hamjaondoka.

Limebaki moja, na si rahisi kulisema. Kati ya kaya tulizozitembelea zilikuwemo za walinzi wetu wawili. Nyumbani kwa mmoja wao tuliuliza lile swali la jana mlipika mara ngapi. Mke wake akajibu kwamba wanakula kwa mkopo dukani tangu tarehe 5, wanasubiri sisi tulipe. Tulikuwa tarehe 19, dodoso mkononi, tukiuliza sababu ya kipato chao kuwa kidogo. Kamati imeagiza posho ya walinzi itoke kwanza, kabla ya gari la taka na kabla ya chai ya vikao, na deni la mwezi huo limeshalipwa.

Madaftari ya dodoso yako kabatini kwa katibu. Mkishapiga kura ya viwango yatachomwa mbele ya wajumbe watatu mtakaowachagua.

Naomba kuwasilisha.