Risala ya Akina Mama wa Kikoba kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuvunja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mganga Mfawidhi wa kituo chetu cha afya, wazee wetu na wageni waalikwa: itifaki imezingatiwa.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2016 na akina mama 11 chini ya mwembe huu. Leo tuko 34. Kila Desemba tunavunja kikoba, yaani tunagawana akiba yetu, bila ugomvi, tuna viti 60 vya plastiki, turubai mbili, na sufuria ambayo hata kata jirani huja kuiazima. Mheshimiwa, hiyo si hatua ndogo.

Baada ya mafanikio hayo, tuingie kwenye lililotufanya tukualike: saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai.

Ile ya mlango wa kizazi tunaijua. Muuguzi anatupima kwa siki na majibu tunapata siku hiyo hiyo. Ovari zimejificha ndani ya nyonga, siki haizifikii. Wala hatuombi kampeni ya kupima kila mwanamke. Mganga Mfawidhi ametueleza kuwa Uingereza waliwafuatilia wanawake zaidi ya 200,000, wengine wakipimwa damu kwa kipimo cha CA-125, wengine kwa ultrasaundi, yaani mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, na wengine wasipimwe, na matokeo ya mwaka 2021 yakaonyesha vifo vya saratani hiyo havikupungua. Ombi letu ni dogo kuliko hilo: mwenye dalili apimwe mapema.

Dalili zenyewe ni za kudanganya. Tumbo kujaa, kushiba kwa tonge mbili, maumivu chini ya kitovu, haja ndogo kila mara. Mwenzetu mmoja alitibiwa vidonda vya tumbo, kisha UTI, kisha majirani wakasema ni chango. Miezi saba. Alipofika hospitali ya rufaa tumbo lilikuwa limejaa maji. Tulimzika Machi. Ultrasaundi haikati wala haichomi, na huenda ingeuonyesha uvimbe ule akiwa bado anatembea kwa miguu yake.

Mashine hiyo, Mheshimiwa, tumeshaahidiwa. Mwaka 2021 mgeni rasmi alisimama hapo hapo ulipo, akasema itafika kabla ya masika. Tukapiga vigelegele, tukamvisha kitenge. Mwaka 2023 mwingine akasema ipo njiani, naye tukamvisha kitenge. Chumba chake tulikipaka rangi na kuvuta umeme. Sasa kinatunza vyandarua na baiskeli ya mlinzi. Hatumlaumu mtu.

Kwa heshima na taadhima tunaomba mashine moja, yenye kifaa cha kupimia kwa ndani, pamoja na mtaalamu wa kuzisoma picha zake, maana bila yeye tutakuwa tumeletewa kabati. Sisi tumetenga shilingi 1,200,000 za stabilaiza, ya kuikinga mashine na umeme unaopanda na kushuka, na fedha hizo leo hazigawanwi.

Kitenge chako kipo mezani, Mheshimiwa. Katibu naye ameshafungua daftari, anasubiri utaje tarehe.

Naomba kuwasilisha.