Risala ya Chama cha Mazingira kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Mazingira wa Wilaya,
Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Baraza la Kijiji (LC I), walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunawaamkia kwa heshima. Chama chetu kina wanachama 34, na mwaka huu tumeshika kazi moja tu: kusoma tope la ziwa lililo chini ya kilima hiki.

Mheshimiwa, kuzunguka Fort Portal, hapa magharibi mwa Uganda, tumejaliwa maziwa mengi madogo yaliyokaa ndani ya mashimo ya volkeno zilizozimika. Udongo, majivu na chavua vinavyoteremka na mvua au kupeperushwa na upepo huzama humo vikatulia, tabaka la leo juu ya la jana. Chavua ya miti ya msituni ikipungua, ya nyasi ikaongezeka, na chembe za mkaa nazo zikazidi, wataalamu hutambua kwamba msitu ulifyekwa na kuchomwa. Hata mifugo huacha alama: kuna kuvu waotao kwenye samadi, na vijimbegu vyao hubaki topeni. Umri wa matabaka ya karibuni hupimwa kwa risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mnururisho, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 22 hivi. Ya kale hupimwa kwa kaboni-14.

Mwaka 2005 Immaculate Ssemmanda wa Makerere na wenzake walitoa historia ya mimea ya miaka 1,200 kutokana na tope la Wandakara na Kasenda, maziwa ya huku huku kwetu. Kule Kigezi, kusini-magharibi mwa nchi, tope la kinamasi cha Muchoya linaonyesha kwamba misitu ilianza kufyekwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Lakini habari iliyotugusa zaidi ni ya Ziwa Victoria. Sisi sote tumekua tukiambiwa kwamba sangara, au mputa kama tunavyomwita, ndiye aliyeliharibu. Alipandikizwa miaka ya 1950, akafurika miaka ya 1980. Tope linasema mwani ulikuwa umeanza kuzidi tangu miaka ya 1930, kadiri watu na mashamba yalivyoongezeka kandokando, na oksijeni ya vilindini ikaanza kupungua miaka ya 1960. Sangara ana lake la kujibu kwa samaki wa asili waliotoweka. Lakini rutuba iliyolisha mwani ilishuka kutoka nchi kavu, na hilo tulimbebesha yeye.

Mwezi wa Juni tulipanda mtumbwi na bomba la plastiki la futi nne, tukalididimiza karibu na matete, tukaziba mdomo kwa kiganja na kulivuta. Tulilipasua kwa msumeno juu ya meza ya maabara. Juu palikuwa na uji mweusi wenye harufu ya yai viza. Chini yake ukaja ukanda mwekundu, mnene kama kidole gumba, wenye changarawe, kisha tope laini la kahawia hadi mwisho. Mzee mmoja jirani yetu alichota ule wekundu, akausugua kiganjani, akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Huu ni udongo wa shamba langu."

Mwalimu alitukataza kuutajia mwaka ukanda ule, kwa kuwa haujapimwa, nasi tumetii. Lakini mzee hakusubiri kipimo. Msimu huu ameacha hatua ishirini za chini bila kulima, na matete yameanza kurudi. Yupo hapa nasi leo, na ameturuhusu kulisema hili.

Mheshimiwa, tuna maombi mawili. Hadubini yetu ni moja na lenzi yake imepasuka, kwa hiyo chavua tunaisoma vitabuni tu. Tunaomba msaada wa kupata nyingine. La pili, na hili ndilo lililo moyoni mwetu zaidi, tunaomba ofisi yako ikae na wenye mashamba ya ukingoni, wazazi wetu hawa hawa, mkubaliane mpaka wa kulima kabla ya mvua za Septemba. Wakiitwa kwa mazungumzo watakuja. Tumewauliza.

Bomba lenyewe liko mezani mbele yako, chini ya nailoni. Tunakuomba ulifunue, uuone ule ukanda kwa macho yako.

Tunaomba kuwasilisha.